Tone Lililotua Kwenye Kofia ya Mjomba

Kwetu mwanamume hajisemei posa. Anatuma mshenga, yeye anabaki nyumbani akijifanya hana habari. Mimi niliuvunja utaratibu huo, na sababu ilikuwa elimu yangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya na stashahada ya ufundi wa leza, niliyoipata kwa jasho langu, bila mtu wa kunishika mkono. Kule nilifanya kazi kwenye mtambo unaozalisha mwanga wa kuchapishia vile vipande vya ndani ya simu. Mtambo unadondosha matone ya bati lililoyeyuka, madogo kuliko unene wa unywele, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na leza inalipiga kila tone likiwa hewani. Pigo la kwanza linalibamiza liwe bapa kama chapati na kulisukuma. Pigo la pili linaligeuza kuwa mwanga. Pua ya kudondoshea matone ilikuwa chini ya uangalizi wangu. Sijasikia Mmakonde mwingine aliyekabidhiwa pua ya namna ile.

Mshenga wangu, wakala wa forodha pale bandarini, alipeleka posa kijijini kwa kina binti niliyempenda, nje kidogo ya Mikindani. Akarudi amenuna.

"Mjomba wake kauliza una kazi gani. Nikamwambia unapiga matone kwa mwanga."

"Akasemaje?"

"Kasema ukipata kazi, turudi."

Kwa watu wetu mjomba akikataa, hata baba mzazi hana la kuongeza. Na yule binti nilikuwa simwachii mtu. Ijumaa, baada ya swala, nikaenda mwenyewe na stashahada, waya wa lehemu, kijiko na mrija wa soda.

Mjomba alikuwa uani, amekaa mkekani na kofia mpya nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Kando yake bibi wa binti alikuwa anachoma korosho kwenye karai lenye matundu, zikiwa bado na maganda yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa matone?"

Nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaelekeza wageni wa kiwandani. Leza ikiligusa tone, ngozi ya upande mmoja inageuka mvuke. Mvuke unatoka huku, tone linakwenda kule.

"Nani kalisukuma?"

"Mvuke wake lenyewe."

"Kijana, hata toroli la bandarini lina msukumaji."

Basi nikaomba moto kwa bibi, nikayeyusha lehemu kijikoni, nikadondosha tone na kulipuliza kwa mrija kwa pumzi zangu zote. Tone likabapa vizuri sana, nasema hivyo kama mtaalamu. Likaruka, likatua juu ya kofia ya mjomba. Moshi ukapanda.

Mjomba akaivua. Akaniangalia kwa jicho moja kupitia lile tundu.

"Posa imekwisha," akasema.

Nyuma ya pazia nikasikia binti akishusha pumzi. Nilianza kukusanya vifaa vyangu. Hapo korosho moja ikapasuka karaini, ikatema mafuta yanayowaka upande wa bibi, yenyewe ikarukia upande wa pili, hadi miguuni kwa mjomba.

"Haya," bibi akamwambia, "imetema huku, imerukia kule. Nani kaisukuma?"

Mjomba akavuta miguu yake.

"Maisha yako yote unakula korosho zangu, leo unamwambia mume wangu hana kazi? Anachoma korosho huyu! Ila za Ulaya ni ndogo."

Nilitaka kumsahihisha. Bati si korosho, na leza si kuni. Lakini tangu nipate stashahada, siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyofunga mdomo kwa hiari yangu.

Mjomba akaigeuza ile korosho kwa kidole cha mguu, akafikiri. "Kuchoma korosho ni kazi, naijua," akasema. "Basi za harusi atachoma yeye."

Nilizichoma. Mafuta ya maganda yalinibabua vidole, nikapokea mikono ya wageni nimefungwa vitambaa kama bondia. Hata hivyo korosho haikuungua hata moja, na waliokula wapo, waulizwe. Mjomba alikuja na kofia ileile. Kila aliyemsalimia aliinamishiwa kichwa aone tundu.

"Hapa," alikuwa akisema, "ndipo ilipotua kazi ya mkwe wetu."