Maumivu Yasiyotoka Kwenye Picha

Wenzake kazini walimwita Bibi Dari, maana kwa miaka kumi na saba hakuna fundi rangi aliyemfikia kwa kupaka dari. Alipanda jukwaani asubuhi, akainua uso, na rola yake haikuacha hata mstari. Mdomo pia alikuwa nao. "Ukuta hata kipofu anapaka," alikuwa akisema.

Siku moja alipanda pikapu ya kampuni, msimamizi akiendesha. Wakasimama kwenye taa nyekundu. Bibi Dari alikuwa amegeuka, anatafuta kadi za rangi nyuma ya kiti, mara lori dogo likawagonga kwa nyuma. Hakuna damu, hakuna kioo kilichovunjika. Bampa tu ilibonyea. Wakapeana pole, wakaenda kazini.

Kesho yake hakuweza kugeuza kichwa. Shingo imekakamaa kama gogo, kisogo kinagonga, vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Hospitali wakampiga picha. Mifupa mizima.

Hapo maneno yakaanza.

"Tulikuwa gari moja," msimamizi alisema mbele ya mafundi wote. "Mbona mimi mzima? Picha haionyeshi kitu. Sema tu umezeeka."

Mafundi wakacheka. Wiki ya pili msimamizi akamsukumia karatasi ya kutia sahihi: anaacha kazi kwa hiari yake.

"Hiari ya nani?"

"Yako."

"Yangu naijua, bosi. Hii siyo."

Akatoka shingo upande, na si kwa kukubali asichokipenda; shingo yenyewe ndiyo haikunyooka.

Nyumbani mumewe alitaka alale. Wifi yake akamletea kola ngumu ya shingo, akamwapisha asiivue mpaka apone. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule kliniki, dada mmoja mfupi, alipoiona akamvua.

"Kiti kilikusukuma mgongo mbele ghafla," alimweleza. "Kichwa ni kizito, kikabaki nyuma, halafu kikarushwa mbele. Misuli na kano zikavutika kupita kiasi. Picha ile ni ya mifupa, hayo haiyaoni."

"Na msimamizi je?"

"Kwa ulivyosimulia, alikuwa anatazama mbele, kichwa karibu na egemeo la kiti. Wewe uligeuka. Watu wa gari moja si lazima waumie sawa."

"Kwa hiyo sijazeeka?"

"Umri wako siujui, mama. Shingo imeumia, hilo najua. Ukiilaza sana itakaza zaidi. Isogeze polepole, kila siku. Ganzi ikizidi au mkono ukilegea, njoo siku hiyohiyo."

Akaisogeza, huku akiitukana. Mumewe akimwambia anajitesa, alimjibu, "Najitengeneza."

Barua ya kliniki ya kueleza jeraha lake alipoipata, hakuipeleka ofisini. Alisubiri asubuhi mafundi wakiwa wamekusanyika kugawana brashi, akasimama katikati yao. "Mlicheka hadharani, basi sikieni hadharani." Akaisoma yote.

"Sasa unataka nini?" msimamizi akauliza.

"Milango. Nipake milango mpaka shingo ikubali."

"Kama dari huwezi, hufai."

"Basi andika wewe kwamba unanifukuza kwa kuumia ndani ya gari ulilokuwa unaendesha. Mwandiko wako, sahihi yako. Kalamu hii hapa."

Msimamizi akaitazama kalamu. Hakuishika. Fundi plasta, ambaye siku ile alicheka kuliko wote, akakohoa. "Mpe milango, bwana."

Akapewa. Milango ikafuatwa na fremu, fremu na kuta. Mwezi wa tano tangu ajali akarudi jukwaani na rola ya mpini mrefu: dakika kumi juu, kisha anashuka, anazungusha mabega, anapanda tena.

"Siku hizi unachelewa," msimamizi alimwambia.

"Dari haina miguu. Nitaikuta."

Hakupona kabisa. Siku za baridi shingo huuma, na mara mojamoja ganzi hugusa vidole. Siku hizo hushuka mapema, watu wakimtazama, wala hamwombi mtu radhi.