Mdahalo Niliokubali Kushindwa

Sisi tulikuwa na haki ya kumcheka mwalimu wetu wa Kiswahili. Nasema hivyo bila aibu, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye kazi yangu. Tulikula naye githeri ileile ya mahindi na maharagwe na kukanyaga naye matope yaleyale. Mtu aliyemwona mara moja tu ukumbini hakuwa na haki hiyo, na ndiyo maana nikafanya nilichofanya.

Shule yetu ilikuwa ndogo, ya binafsi, juu ya kilima kati ya mashamba ya chai, ukitoka Kericho kuelekea Bomet. Haikuwa shule ya matajiri. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wachuma chai na wa wakulima wenye ng'ombe wawili watatu, tuliokosa nafasi kwingine au tuliofukuzwa kwingine. Mwalimu mkuu, mama tuliyemwita Madam, aligonga kengele kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na saa. Kila siku alionja chakula chetu kabla hatujapakuliwa, uso ameukunja kama anayeonja dawa. Ukilalamika alikuambia, "Nyinyi ni wateja wangu. Lakini mteja wa hapa hana neno." Tulimwogopa, tulimpenda, na bwenini tulimwigiza mpaka machozi yakatutoka.

Aliyeigizwa zaidi, hata hivyo, alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sigor, mrefu, mwembamba. Kila asubuhi alifika na gambuti, akazivua getini na kuvaa viatu vinavyong'aa. Hakuna aliyejua sarufi kama yeye. Alisoma kila insha neno kwa neno, na maelezo yake kwa kalamu ya kijani mara nyingine yalikuwa marefu kuliko insha yenyewe. Ila ulimi wake ulikuwa na mambo yake. B ilikuwa p, d ikawa t, g ikawa k. Baba akawa papa, dada akawa tata.

Mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote. Siku moja alinikuta darasani nimesimama ubaoni, wenzangu wamejishika mbavu. Alisikiliza mlangoni mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sauti umeipata. Lakini umesema kitabu yangu. Mimi siwezi kukosea ngeli namna hiyo." Akafungua daftari, tukaanza somo.

Maneno yake nayaandika hapa kama yalivyo kwenye kamusi, maana ndivyo alivyoyajua. Nitayaandika kama yalivyotoka mara moja tu, kwa kuwa bila hivyo kisa hiki hakisimuliki.

Nilikuwa kidato cha tatu tulipoalikwa kwa mdahalo na shule moja kubwa, yenye ukumbi wa viti vya kukunja na vipaza sauti kila pembe. Hoja ilikuwa kwamba mashine za kuchuma chai zina faida nyingi kuliko hasara. Sisi tulipewa kupinga. Mwalimu alinifundisha wiki tatu, kila jioni baada ya masomo. Alinisimamisha mwisho wa uwanja, yeye akakaa mwisho mwingine, na kila herufi iliyomfikia imelegea aliirudisha. "B yako haijafika huku," alikuwa akisema. "Rudia."

Siku ilipofika, mwenyekiti wa mdahalo, mwanafunzi wa pale, aliwaomba walimu wageni wasalimu watu. Mwalimu wetu alipanda jukwaani na viatu vyake vinavyong'aa, akashika kipaza sauti.

"Mapipi na mapwana," akasema.

Sauti ikatoka viti vya nyuma, "Mwalimu, tuletee pipi." Ukumbi ukalipuka. Walicheka wanafunzi, wakacheka na walimu wao mstari wa mbele, mmoja akijifuta macho kwa tai. Mwalimu wetu alikuwa ameandika hotuba fupi. Aliitazama ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akashuka na kuketi kando yetu. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti kama ya mtu anayesubiri daktari.

Mimi nilikuwa mzungumzaji wa mwisho. Sikumbuki walichosema walionitangulia. Nakumbuka tu masikio yangu yalivyokuwa ya moto. Jina langu lilipoitwa nilipanda, nikaacha kadi zangu kwenye kiti, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Mapipi na mapwana."

Wakacheka tena. Walidhani nimeteleza. Nilingoja wamalize, kisha nikaendelea, p mahali pa b, t mahali pa d, bila kupunguza hata moja. "Kapla ya mashine mama yanku alikuwa na kazi," nikawaambia. "Paata ya mashine akarutishwa nyumpani." Nikawaeleza jinsi wazazi wangu walivyotoka milima ya magharibi wakaja kuchuma chai, jinsi mimi nilivyozaliwa kambini, jinsi wanaume wawili wenye mashine moja walivyofagia mistari iliyokuwa ikichumwa na wanawake wengi. Mama alipewa jembe la kupalilia, kisha hata jembe likachukuliwa. Sasa anauza mboga za managu kando ya barabara. Kufikia katikati hakuna aliyecheka. Wenzangu walianza kupiga miguu sakafuni, taratibu, na waliendelea mpaka nikashuka.

Mwamuzi alisema hoja zetu zilikuwa nzito, lakini kwa matamshi sikupata alama hata moja. Tulishindwa. Ndani ya basi wenzangu waliimba kana kwamba tumebeba kikombe. Mwalimu alikaa mbele, karibu na dereva, na hakugeuka mpaka tukafika.

Kesho yake Madam aliniita ofisini. Mwalimu alikuwa tayari ndani, amesimama dirishani.

"Mwambie mwenyewe," Madam akamwambia.

"Kwa nini ulinifanya kichekesho mbele ya watu?" akaniuliza.

"Sikukucheka, mwalimu. Niliwakasirikia wao."

"Mimi naujua ulimi wangu," akasema. "Kila asubuhi najizoeza mbele ya kioo. Mke wangu anasikia b, b, b, mpaka amezoea. Nilikupa matamshi ambayo mimi mwenyewe sina, nawe ukayatupa mbele yao."

"Sikuyatupa, mwalimu. Ninayo bado. Jana sikutaka kushinda na kitu ambacho wewe unachekwa kwa kukikosa."

Madam akakohoa.

"Kwa kushindwa makusudi, utaosha bwalo wiki nzima," akasema. "Kwa hayo mengine, sina adhabu yake."

Siku hiyohiyo Madam aliiandikia barua ile shule, barua kali, akidai mwalimu wake aombwe radhi. Alimpa mwalimu aisome kwanza. Nilikuwa nafua vitambaa vya bwalo nje ya ofisi nilipomsikia Madam akilalamika. Barua ilikuwa imerudi na kalamu ya kijani, ngeli mbili zimesahihishwa. Akaiandika upya.

Radhi haikuja kwa karatasi. Muhula uliofuata walikuja wao kwetu. Madam alimwandalia mwalimu hotuba ya kuwakaribisha, na mwanzoni akaweka "marafiki zetu wapenzi", kumwepusha na b, d na g. Mwalimu aliyafuta maneno hayo. Alisimama mbele ya wageni akayasema yaleyale ya siku ile, kwa ulimi wake, polepole, mara mbili. Wageni walitazama viatu vyao. Kisha akaniita mimi kufungua mdahalo. Nilisema kila b kama ilivyo, na tulishinda kwa alama tatu.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, kiongozi wa timu yao, msichana mwenye miwani, alimfuata mwalimu na daftari. Alisema hajawahi kuelewa vitenzi vya silabi moja, na kwao kila akiuliza anaambiwa akariri tu. Wakakaa kwenye ngazi za darasa. Mvua ilianza, wakasogea ndani, mwalimu akachukua chaki. Basi lao lilipiga honi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe dereva alishuka, akaja ofisini amelowa, akamwambia Madam barabara itaharibika.

"Itaharibika, ndiyo," Madam akamjibu, akimmiminia kikombe. "Keti. Mwalimu wangu anafundisha."