Jicho la Pekee la Mama Pindo

Mafundi wa kushona mtaani walikuwa wengi, lakini fundi alikuwa mmoja, Mama Pindo. Wengine walikuwa wa kujazia hesabu tu. Wewe pita barabarani, akutupie jicho mara moja, kiuno chako ameshakijua kuliko mkanda wako. Na nasema jicho, si macho. La kushoto lilizimika utotoni kwa surua. La kulia ndilo lililolisha watoto wanne na mume asiyejua kushiba.

Basi hilohilo likaanza kuingia ukungu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, lazima apasuliwe. Tena akiwa macho, kwa dawa ya ganzi tu, na asitikisike hata kidogo.

"Nisitikisike?" akawauliza. "Mimi hata usingizini nagombana na watu!"

Alitania, lakini hofu ilishamvaa. Akazunguka mtaani kuuliza. Jirani wa mbele akamsimulia mtu aliyepofuka. Jirani wa nyuma akamsimulia aliyekufa kabisa, hadi rangi ya jeneza. Kila akirudi kwenye cherehani, mshono unakwenda kombo.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaja kujaribu suruali yake mpya. Akatoka chumbani anatembea kama kaa.

"Shemeji, mbona zipu naikalia?"

"Tembea kinyumenyume, itakaa sawa," akajibu Mama Pindo. Halafu akaangua kilio. Zipu nyuma! Yeye!

Shemeji akaacha mzaha. "Umeuliza mtaa mzima, shemeji yangu. Aliyeliumba hilo jicho, umemuuliza?"

Mama Pindo akamtoa nje, suruali na yeye. Akafunga mlango, akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa.

"Mungu, maneno marefu sina. Naogopa. Jicho ulinipa wewe, na sijalikalisha bure hata siku moja. Nishike, nitulie."

Tangu hapo jirani akitokeza na habari za makaburi, anaambiwa, "Subiri, naongea na Mkubwa wako," na mlango unafungwa. Hofu haikuacha kuja. Ilikuja kila siku, ila ilikuta kiti kimekaliwa.

Siku ya kupasuliwa akalazwa chali, kitambaa usoni, vyuma vinalia pembeni. Akang'ang'ania kingo za kitanda.

"Mama, tulia sasa," daktari akasema.

Mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo akaufumba. Ndani akawa anaomba taratibu, kama anayeshona kwa mkono: nishike, nishike, nishike. Vidole vikalegea kimoja kimoja. Nesi akadhani amelala.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Mumewe akaegemea ukuta.

"Unaona nini, mama?" daktari akauliza.

Mama Pindo akamkazia jicho, akampandisha, akamshusha.

"Naona koti lako, mwanangu. Bega moja limepanda, mfuko umelala upande. Nani kakushonea, adui yako?"

Wodi nzima ikapasuka kwa kicheko. Mumewe akalia waziwazi, dume zima. Mama Pindo akainua mikono juu, akapaza sauti hadi mlinzi wa getini akasimama: "Asante, Mungu wangu! Asante!"

Kisha akamgeukia daktari.

"Haya, livue. Haliwezi kubaki hivyo na mimi naliona."