Sakafu ya Upande wa Mama

Juzi nilikuwa gereji moja ya Rexdale, huku ughaibuni, nikisubiri tairi, akaingia Mtanzania mwenzangu na mkewe kwa pikapu kuukuu iliyoliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

"Fundi, kuna katundu kadogo upande wa abiria," alisema bwana. "Uchomelee tu."

Fundi akainua zulia. Chini yake palikuwa na trei ya kuokea, imebandikwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Akaigusa kwa bisibisi, ikadondoka chini hadi kwenye saruji.

"Trei yangu!" mama akashtuka. "Si ulisema imeibwa?"

"Lakini ilishika vizuri," bwana akanong'ona.

Fundi akafunua upande wa dereva. Huko kulikuwa na bati nene la chuma, jipya, limechomelewa kwa ustadi pembe zote. "La upande wa abiria nitalipata Alhamisi," fundi akasema.

Mama alilitazama, kisha akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Fundi kasema turudi Alhamisi. Leo naendesha mimi."

Wakaondoka, bwana kwenye kiti cha abiria, kakunja magoti hadi kidevuni juu ya lile tundu.

Watu husema wanaume wa kwetu hatujui kutunza magari. Wanatuonea. Tunatunza sana, hasa pale tunapokaa sisi.