Flashi Haichomekwi Kabla ya Kupimwa

Saa mbili asubuhi, duka la kuchapisha ndiyo kwanza linafunguliwa, na tayari mwalimu mmoja amesimama kaunta na flashi mkononi.

"Dada, kurasa nne tu. Ni mtihani wa leo, nina haraka."

"Subiri, kaka."

Kwa neno hilo wateja wamembandika jina: Mama Subiri. Ana miaka arobaini na mitatu, miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja, na kompyuta tatu. Mbili ni za kazi. Ya tatu, kuukuu, imekaa peke yake pembeni, haina intaneti wala waya unaoiunganisha na wenzake. Kila flashi inayoingia humu hupita hapo kwanza.

Anaichomeka ya mwalimu. Haibonyezi folda hata moja. Anaiamuru programu ya kinga ipekue, kisha anakunja mikono. Dawa ya programu hiyo, yaani orodha ya virusi vipya, huihuisha kila Jumatatu, akiibeba kwa flashi yenye kijiswichi cha kufunga ili kirusi kisiweze kujiandika ndani yake.

Kwa siku hupima flashi thelathini hadi arobaini, bure. "Kumi hazikosi ugonjwa," anasema. "Watu wanaazimana flashi kama vibiriti."

Subira hiyo inamgharimu. Duka la ng'ambo ya barabara halipimi chochote, na wenye haraka huhamia huko. Siku mbaya anarudi nyumbani na nauli na hela ya chakula, basi.

Kioo cha kompyuta kinawaka rangi nyekundu. Folda zote za mwalimu zimegeuka vialama vidogo vyenye mshale.

"Zimeliwa," mwalimu anasema kinyonge. "Basi fomati tu, futa kila kitu, nitaandika upya."

"Neno hilo humu hatulitamki," Mama Subiri anamjibu, wala hatanii.

Sababu yake ina miaka sita. Wakati huo alikuwa mwajiriwa katika duka jingine, na flashi ya yeyote ilichomekwa popote. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani kwa dada yake mkubwa, safari ya siku nzima. Mchana mmoja dada alimrekodi mgonjwa kwa simu, akisimulia alivyokuwa msichana. Dakika kumi na moja. Mama alipofariki, dada alimwekea mdogo wake sauti ile kwenye flashi, na simu yenyewe ikafa muda mfupi baadaye.

Aliisikiliza mara moja tu, kazini, wakati wa mapumziko. Kesho yake alipoichomeka tena, folda ilikuwa tupu.

"Bosi akaniambia, virusi vimekula hivyo, fomati uendelee na kazi. Nikafomati. Kwa kidole changu mwenyewe." Kisha, kwa kudhani flashi ni nzima sasa, akaijaza kazi za wateja mpaka pomoni.

Wiki mbili baadaye fundi wa printa akamwonyesha ukweli: kirusi cha aina ile hakili mafaili, huyaficha tu. Sauti ya mama ilikuwa mle mle siku zote, mpaka alipoifuta yeye.

"Nilikaa sakafuni. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakui, kila siku yuko mgongoni."

Programu ikishakiua kirusi, anachapa amri fupi kwenye ile kompyuta kuukuu. Folda za mwalimu zinarudi moja moja, na mtihani umo. Mwalimu anacheka kwa kuishiwa nguvu.

"Nilikuwa nimeshavuka barabara kimawazo," anakiri.

"Ungevuka, ungewapelekea na wale ugonjwa," anamwambia, akimkabidhi kurasa zake nne zikiwa bado moto.

Wiki iliyopita dada yake alipiga simu. Alikuwa akihama nyumba, akaikuta ile simu mfu chini ya droo, na kadi yake ya kumbukumbu ingali ndani. Hajui kama inasoma. Jumamosi anakuja nayo, ameifunga kwenye bahasha.

Mama Subiri amekwisha kununua kisoma kadi na vipokea sauti vya masikioni. Viko kwenye droo ya meza, havijatolewa hata kwenye nailoni. Mara mbili wakati wa mazungumzo yetu anaifungua, anavitazama, anaifunga.

Namuuliza: na kadi hiyo, nayo itapimwa?

"Itapita pale pale. Mama hakupenda upendeleo."

Anaeleza kwamba mwanzoni kabisa mwa sauti ile, kabla ya kusimulia lolote, mama anamwita kwa jina lake la utotoni, akidhani yumo chumbani. Anaita mara mbili. Dada anasikika akisema, yuko kazini, mama. Hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kumwita kwa jina hilo.

"Kadi ikisoma, nitafunga mlango, nivae hivi, nimsikilize," anasema. "Akiita mara ya kwanza tu, nitaitika: abee, mama."