Mpagazi wa Mlali na Simu ya Upepo

Binti yangu anasomea mambo ya mawasiliano chuoni hapa Dodoma. Akija nyumbani Miyuji mwisho wa wiki, hanipumzishi. Mama, inakuja mitandao yenye akili! Mnara utajua wenyewe wewe ulipo, utakuelekezea mawimbi wewe peke yako, na njia moja ikizibwa utatafuta nyingine bila kuambiwa na mtu. Juzi nilikuwa nachambua mlenda, nikamjibu, "Hiyo ya kutafuta njia nyingine mbona sisi tulikuwa nayo? Tena ilikuwa Mnyamwezi, na ilikuwa na baiskeli." Akacheka, akadhani ni utani. Ni utani kweli, mwanangu. Utani huohuo nusura uniulie mama.

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu vya Dubai, mimi nilikuwa mhudumu wa simu ya upepo katika ofisi moja ya afya. Ilikuwa sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini yake, na waya uliopanda hadi kwenye mlingoti uani. Unabonya kitufe unasema, ukimaliza unasema "ovaa", ndipo mwenzako naye apate nafasi. Asubuhi na jioni niliviita vituo vya vijijini kimoja kimoja, nikiandika dawa zilizokwisha na wagonjwa wa kufuatwa na gari. Kituo cha Mlali, kijijini kwetu, simu ilishikwa na tabibu aliyetoka Tabora. Yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo. Basi mnajua wenyewe, watani.

"Dodoma, mmekula au bado mnaangalia mawingu? Ovaa."

"Nyamaza mpagazi wee! Babu zako walibeba mizigo ya watu hadi pwani, akili wakaziacha hukohuko. Ovaa."

Vituo vyote vilisikia, vikacheka. Mtani huyo alimwita mama yangu, aliyeishi hapohapo Mlali, mke wake, kama watani wafanyavyo, na kila wiki mke wake huyo alipatwa na jambo. Leo amekufa, nilete ng'ombe wa matanga. Kesho ametoroka na muuza mitumba. Simlaumu, mimi ndiye niliyemzoesha, maana akinichapa neno moja nilimrudishia matatu.

Mwaka mmoja mwenye nyumba wangu, mfanyabiashara wa Kihindi niliyepanga uani kwake, akanunua simu ya mkononi, nene kama kiatu cha mgambo. Nikaringa nayo hewani utadhani yangu. "Mlali, andika namba! Mjini tumestaarabika. Ila huko kwenu sijui mtaipiga kwa kuni. Ovaa." Akaandika.

Ijumaa moja jioni nilikuwa na haraka ya kufunga ofisi, mtani akaingia hewani.

"Dodoma, mke wangu kazidiwa. Ni tumbo. Anatakiwa akapasuliwe wilayani, na amekataa kuondoka mpaka wewe useme. Njoo, au nimlete hapa kwenye simu uzungumze naye. Ovaa."

Sauti yake haikuwa na kicheko, hilo nakiri. Lakini alikuwa hodari wa kutocheka. "Mke ni wako, mpasue mwenyewe," nikamwambia. Nikazima, nikachomoa waya za betri hadi Jumatatu. Mungu anisamehe. Usiku ule nililala fofofo.

Jumamosi asubuhi nafua uani, mara mwenye nyumba huyo anakuja mbio na kandambili zake, simu kaishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto. "Dada, dada! Mlali!" Nikamcheka. Mlali wapi na simu wapi? Nikaiweka sikioni na povu langu.

"Mwanangu." Alikuwa mama, anahema. "Huyu mume wangu anasema nipasuliwe. Wewe unasemaje?"

Nikakaa kwenye beseni la nguo. Hata shikamoo nilisahau. "Kubali, mama. Kubali sasa hivi. Ovaa."

Nikangoja. Na yeye akangoja. Kisha akauliza kwa ukali wake uleule, "Ovaa ndiyo nini?"

Kumbe kwenye kitu kile mnaweza kusema wote wawili kwa pamoja. Tukasema pamoja, tukalia pamoja, mwenye nyumba akilia pembeni bila kujua tunalia nini.

Nilifika hospitali jioni, mama keshatoka chumba cha upasuaji. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba Jumatatu asingekuwa na mgonjwa wa kumpasua. Fundi mmoja wa kampuni ya simu, aliyemleta kwa gari lao baada ya kukubali, ndiye aliyenipa habari yote. Siku hizo yeye na wenzake walikuwa kilimani juu ya kijiji wakijaribu mnara mpya wa simu, na mawimbi yalishika hukohuko juu tu, chini kijijini hakuna kitu. Mtani wangu alikuwa amewasikia watu wakisimulia. Alfajiri alipanda peke yake kuwaomba simu. Wakamwambia, simu hii ukishuka nayo ni kopo tu, twende na gari tumchukue mama. Mama akakataa gari. Alisema akishaingia humo watampitiliza hospitali, anawajua. Basi mtani akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi baiskeli iliposhindwa na mawe, kisha akambeba mgongoni mpaka juu.

Nilimkuta kakaa nje ya wodi, shati limechanika begani. Nikapiga magoti, nikasema ahsante. Akaruka kama kaumwa na siafu.

"Mgogo, usinitie mkosi! Mpagazi hashukuriwi. Nenda kamsalimie mke wangu."

Toka hapo hakuniruhusu kulitamka tena neno lile. Nikianza tu, ananitukana.

Mama aliishi miaka mingine kumi na sita. Alimpokea binti yangu huyu alipozaliwa, akamwogesha, akamfundisha kusonga ugali na kujibu watu. Kila nikisikia anavyobishana nami kuhusu mawimbi yake, namsikia mama, na nashukuru. Miaka yote hiyo nilipewa na mtu niliyemzimia simu.

Mama alipofariki, nilimpigia mtani. Alikuwa amestaafu, kesharudi Tabora. Nilisema tu, "Mke wako ametutoka." Hakuuliza kama ni mzaha. Akapanda basi, akafika na mvi zake, anaburuta mguu. Akalala kaburini, kama desturi ya watani msibani, akidai mahari yake arudishiwe, waombolezaji wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitiririka. Wakati wa kubeba jeneza ulipofika, vijana walikuwa wamekwisha kujipanga. Akamtoa mmoja kwa kiwiko, akaweka bega lake mbele.

"Pisheni," alisema, na safari hii hakuwa anacheza. "Mzigo huu naujua."

Nikamsogelea nikamjibu sikioni, jibu nililopaswa kumpa Ijumaa ile.

"Nimekupata, Mlali. Nakuamini."

Hakunitukana.