Imerudi

Mama yangu hakuwa mtu wa kulialia. Alipofanyiwa operesheni ya kansa ya ovari na tumbo la uzazi likatolewa pia, alituambia sisi watoto wake kwamba ile nyumba tuliyokaa bila kulipa kodi imebomolewa bila notisi. Tukacheka na machozi yakitutoka. Baadaye akawekewa dripu za dawa ya kansa, nywele zikaisha, zikaota tena laini kama za mtoto mchanga. Kanisani tukatoa shukrani. Daktari alimwonya tu kwamba tumbo likianza kufura tena, asikae nyumbani.

Ndipo uchaguzi ukaharibika. Mimi nilikaa Kibera, huku Sarang'ombe, na Mama alikaa Kawangware. Si mbali, lakini siku zile ungedhani ni nchi nyingine. Matairi yalichomwa barabarani na vijana walikuwa wakiuliza watu ni kabila gani. Fujo ikitulia asubuhi, jioni tunapigiana simu kuambiana imerudi. Neno hilo tu lilitosha. Sisi wa Nairobi na ngeli wapi na wapi? Fujo imerudi, stima imerudi, ugonjwa imerudi, kwetu yote ni sawa.

Mchana mmoja Mama akapiga. Sauti yake ilikuwa chini.

"Imerudi," akasema.

Nje kwangu kulikuwa na moshi, na akili yangu yote ilikuwa huko.

"Funga mlango, Mama. Usitoke, hata ukiitwa."

Akasema sawa. Kumbe alidhani nimeelewa, na kwamba namwambia hospitali ingoje barabara ifunguke.

Ilipofunguka nilienda kwa miguu, nimebeba unga. Alinifungulia akiwa amefunga leso juu kabisa, chini ya matiti, na tumbo limejaa kama la mjamzito. Woi, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia nchi, nikamkasirikia Mungu pia, na sitaficha. Nikamfokea pale mlangoni, kwa nini alininyamazia jambo kama hili.

Mama akanishika mkono, akanikalisha kitandani. Yeye hakuwa na hasira hata kidogo.

"Si nilikwambia imerudi?" akasema. "Ukaniambia nifunge mlango. Nikafunga, mwanangu. Nikajifungia nayo ndani."